Koti Lenye Kifungo Chekundu

Mabatini, Mwanza
Ijumaa mchana

Kwa Dada Kokugonza,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute umesimama, na kama umelala, basi iwe ni uchovu wa shamba tu. Mgongo wako unasemaje siku hizi? Na migomba ya upande wa bondeni, imepona au bado inakauka? Mimi ni mzima kuanzia gotini kwenda juu. Habari za chini ya goti nitakueleza, maana zimo ndani ya habari yenyewe.

Kwanza lipokee ombi langu, maelezo yatafuata, kwa kuwa nakujua: unasoma huku chungu kiko mekoni. Anayekuletea barua hii ni Ma Leokadia, yule mama wa kwetu anayeuza senene wa kukaanga hapa Mabatini. Anapanda meli ya leo jioni. Katika meli hiyohiyo, chini kwenye mizigo, yamo mafurushi ya gazeti jipya la hapa, na ukurasa wa tano kuna makala yangu inayokisema vibaya kitabu kipya cha Mwalimu Respicius. Mwalimu asiisome. Unamjua, kila meli ikitia nanga yeye huteremka na fimbo yake mpaka dukani kwa Laurenti kuchukua gazeti kabla halijafunguliwa kamba. Mtangulie. Yachukue yote. Fungia maandazi, washia moto, sijali, mradi lisibaki hata moja la yeye kulishika.

Sasa utauliza, wewe Kamugisha uliyezoea kujisifu kwa kila unachokiandika, leo unataka kichomwe? Ndiyo, dada. Kichomwe.

Unakumbuka tulivyokuwa tukicheka na kitabu chake cha zamani, *Jogoo wa Diwani*? Ulikuwa unatusomea jikoni, mama anajifanya hasikii, halafu anacheka kabla hujafika penye kuchekesha. Kitabu hicho ndicho kilichonifanya mwalimu wa Kiswahili. Huku Mwanza nimekisomesha mpaka kwa watu wasioijua Bukoba hata kwenye ramani. Tuko watatu tunaokutana dukani kwa Masanja, fundi cherehani, Msukuma mwenye sauti kubwa kuliko mashine yake: yeye, mimi, na Mama Tabu, ambaye ni nesi. Vitabu vimekuwa adimu. Wanatuambia soko huria limeleta kila kitu, na kweli limeleta: mitumba, redio za betri, mabanda ya video kila kona yanayoonyesha mizuka ya Ulaya inayonyonya damu. Kitabu cha Kiswahili utakitafuta mpaka viatu viishe soli.

Kwa hiyo tukipata kimoja, tuna mtindo wetu. Masanja anakifumua uzi kwa wembe, kinatoka mafungu matatu, kila mtu anaondoka na fungu lake. Ukimaliza unabadilishana na mwenzako. Wote tukishasoma, Masanja anakishona tena kwa mashine, nacho kinakuwa kigumu kuliko kilivyotoka kiwandani. Hivyo ndivyo tulivyokifanya kitabu kipya cha Mwalimu, *Wageni Wasiopiga Hodi*, hadithi za mizuka. Mimi nilichukua fungu la kati, Masanja la mwisho, Mama Tabu la mwanzo. Mimi na Masanja tulibadilishana baada ya siku chache. Mama Tabu alikuwa na zamu za mfululizo wodini, fungu lake likakaa kwenye mkoba wake wiki baada ya wiki.

Dada, nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Tulisubiri kitabu hicho miaka mingi, kumbe ndani hakuna kitu. Mizuka haitishi wala haichekeshi. Inakuja jioni, inakaa barazani, inaongea mambo ya kawaida, inaondoka.

"Mzuka gani huyu anaomba maji ya kunywa?" Masanja akawaka. "Bibi yangu kule ng'ambo ya Kamanga alimwona mmoja tu, nyumba nzima ikahama! Huyu wa mwalimu wenu anaomba maji!"

"Na akishakunywa anashukuru," nikasema.

"Ana adabu kuliko wateja wangu. Mlete hapa nimpime suruali."

Tukacheka. Mama Tabu alikuwa amepita kuchukua sare yake aliyoitoa kupunguzwa, hakucheka. Masanja akamchokoza: "Nesi, mbona humalizi fungu lako? Unaogopa mizuka?"

"Mimi wangu hawatishi," akajibu. "Nakutana nao kila siku wangali hai. Na wao wanaomba maji vilevile."

Maneno hayo yalinipita, dada. Mimi ninayewafundisha watu kusikiliza sentensi! Nilikuwa tayari na kalamu. Nilijiambia Mwalimu Respicius amekwenda sokoni na wenzake, ameona vijana wanapenda mizuka naye akachonga ya kwake, na hata huko sokoni imemdodea. Niliona nina haki ya kusema, tena wajibu, kwa kuwa nilimpenda. Jumatatu nikapeleka makala gazetini bila kulisoma fungu la kwanza. Nilijisemea kwamba mchuzi huonjwa kwa kijiko kimoja. Hadithi ya saba ndiyo niliyoichinja kabisa. Nakunakilia nilivyoandika, ili ujue unachokichoma:

"Kijana aliyekufa anapita barazani kwa mzee kila jioni, amevaa koti kubwa, mikono ameikunja mara mbili. Anauliza, 'Meli imefika?' Mzee anajibu, 'Bado.' Kijana anaondoka, kesho anarudi. Basi! Huu ni mzuka mzembe, hana kazi. Naye mwandishi anatupotezea wakati kwa kutueleza kwamba kifungo cha pili cha koti ni chekundu ilhali vingine ni vyeusi, kana kwamba kifungo kina habari yoyote ya kutuambia."

Najua umeshaacha chungu. Keti, dada.

Juzi Jumatano tulikutana kukishona kitabu. Mama Tabu akatoa fungu lake mkobani, limekunjamana, linanuka dawa. Akaniuliza taratibu, "Mwalimu, wewe kwenu si ni huko kwa huyu mzee?"

"Kijiji kimoja. Alinifundisha darasa la tatu."

"Yule mdogo wako uliyewahi kututajia, si aliitwa Projestus?"

Nikamwambia ndiyo, tulimzika. Hapo nilidanganya kidogo, maana mlimzika ninyi. Mimi nilifika watu wameshaondoka na majani ya kukalia msibani mmekwisha kuyafagia.

Mama Tabu akafungua fungu lake. Akanipa ukurasa ule wa mwanzo kabisa, ambao kila mtu mwenye kitabu kizima huufungua kabla ya mwingine wowote. Umeandikwa: "Kwa watoto wa kijiji chetu waliokaa barazani kwangu wakati wanaugua." Chini yake kuna majina, dada. Ukurasa umejaa majina. Deodata na Respicius mdogo, wanawe mwenyewe. Wale wawili wa shangazi. Vijana wa timu ya mpira karibu wote. Jina la saba ni Projestus.

Nikamwomba Masanja hadithi ya saba. Akanitafutia. Koti ni lile la buluu nililolivaa siku niliyomaliza chuo. Nilimtumia Proje alipoandika kwamba anasikia baridi hata mchana. Kifungo cha pili kilikuwa kimedondoka, nami nikashona chekundu nilichokiona kwenye bati la vifungo la Masanja, palepale dukani, kwa mkono wangu. Nikakisoma kitabuni, nikakiandika gazetini, na sikukitambua.

Masanja akalitazama bati lake. Kisha akasema, "Bati hili hili?" akalisukuma chini ya meza kwa mguu.

Wewe uliniandikia barua tatu wakati ule. "Proje anakuulizia." "Proje anashinda kwa Mwalimu, anasema pale ndipo meli inaonekana ikiingia." Ya tatu sitaki kuikumbuka. Nami nilikuwa na nini? Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, na mabishano ya gazetini na mtu mmoja kuhusu lugha ya kufundishia. Nikasema wiki ijayo, wiki ijayo. Nilimshinda yule mtu. Kila aliyesoma alisema nilimshinda.

Basi Jumatano hiyo nikakimbia kwenda kuizuia makala. Mifuniko ya mitaro hapa mjini imekwisha kuibwa, inauzwa chuma chakavu, biashara huria hiyo. Nikatumbukia mguu mmoja mpaka kwenye paja, mfupa ukalia kama kuni. Hata hivyo sikwenda hospitali kwanza. Nilimwomba kijana wa mkokoteni anipeleke gazetini, nikafika nimelala juu ya magunia ya dagaa. Mhariri akatoka nje, akasimama juu yangu, tukazungumza hivyo.

"Itoe makala yangu," nikamwambia.

"Mwalimu, imeshakwenda mtamboni. Tena nimeipa kichwa kizuri: *Mwandishi Mkongwe Aishiwa*."

"Nimekosea. Sikuelewa kitabu."

"Safi! Ukipona andika ya kujipinga mwenyewe. Tutabishana wiki nne, watu watanunua."

Nikamtukana, dada, matusi yote ninayoyajua na mengine ya Kisukuma niliyojifunza kwa Masanja. Akacheka, akasema hayo nayo yangefaa kuandikwa. Na unajua kinachoniuma? Ni mimi niliyepiga kelele miaka yote kwamba magazeti yawe huru, kila mtu aseme anachotaka. Sasa yamekuwa huru, nami nimesema.

Jana wamenifunga hogo, plasta ngumu ya mfupa, kuanzia vidole hadi gotini. Daktari amekataza nisikanyage chini. Ma Leokadia, alipokuja kuaga, aliniona nalia akadhani ni mguu, akaniachia senene kwenye kikopo. Nikamweleza. Akasema tu, "Lete hiyo barua." Lakini barua yangu na gazeti langu vinasafiri pamoja na vitafika kwa wakati mmoja, na Mwalimu Respicius anaamka kabla ya jogoo. Ndiyo maana nakuomba miguu yako, wakati mgongo ndio huo.

Ukikuta ameshalisoma, usinitetee. Usimweleze habari za mafungu wala uzi, ataona natafuta pa kujificha. Keti naye barazani, mtafune punje za kahawa, mwache aseme au anyamaze. Nimejaribu kumwandikia mwenyewe tangu jana. Mimi niliyewaandikia mawaziri bila kuumauma kalamu, nimeshindwa kupita "Mwalimu wangu".

Nisalimie shemeji, na umwambie nimesikia kuhusu kahawa na vyama vya ushirika, hasira ninayo lakini leo sina pa kuiweka. Shangazi mpe shikamoo yangu, ile ya kupiga magoti. Wanao, yule mkubwa hasa anayependa kusoma, waambie mjomba anawakumbuka. Mkubwa usimwonyeshe gazeti.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini kuna jambo la hadithi ya saba ambalo limenikaa kifuani tangu juzi, na wewe ndiwe pekee ninayeweza kukuambia. Wakati ule nilikuwa na miguu miwili na sikupanda meli. Leo ningepanda, na mguu haukanyagi. Mwombe Mwalimu, kama bado kuna jioni anapita mtu barazani kuuliza, asimjibu tena kwamba bado. Amwambie meli imefika, ameiona kwa macho yake, imeshusha watu wote. Amwambie, "Kaka yako hakuwamo. Ametuma karatasi tu."

Ni mimi mdogo wako,
Kamugisha