Ukoo wa Kijidudu Kilichomuua Mama

Bujumbura, Jumamosi asubuhi

Kaka yangu Hamimu,

Asalaam alaikum. Salamu ni haki yako juu yangu, kwa hiyo naitanguliza, ingawa sikufichi kwamba mkono umekuwa mzito kuiandika. Natumaini wewe, wifi Amira na watoto mmeamka salama huko Jabe, na kwamba duka la vipuri bado linapata wateja pamoja na ukosefu huu wa esansi ya magari uliotufanya mji mzima tuwe waenda kwa miguu. Ukitaka kujua hali yangu, mwili ni mzima, kazi ya maabara inaendelea, na hasira ninayo ya kutosha kugawia majirani.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu njia nyingine zote umezifunga. Simu yangu hupokei, na kwenye WhatsApp umenizuia kama tapeli. Nilipokuja dukani, Tajudini, kijana wako wa duka, aliniapia kwamba umevuka mpaka kwenda Uvira, nami nakusikia nyuma ya pazia unakohoa. Kikohozi kile nimelala nacho chumba kimoja utoto wetu wote, Kaka, usifikiri naweza kukisahau. Ndiyo maana barua hii nimemkabidhi wifi. Yaliyomo sikumwambia, nimemwomba tu akae mlangoni mpaka uimalize.

Shida yangu ni moja. Jumatatu baraza la nidhamu la hospitali yetu litakaa kumjadili Benite, yule muuguzi wa wodi ya upasuaji aliyemhudumia Mama tangu alipolazwa na nyonga iliyovunjika hadi alipofariki. Wakimkuta na hatia atafukuzwa, na jina lake litapelekwa wizarani ili asiajiriwe tena popote nchini. Mashtaka ni yako na sahihi ni yako. Nataka uje uyaondoe kwa mdomo wako mwenyewe.

Najua utasema nini, maana umeshauambia mji mzima. Umesema Benite hanawi mikono, anawadharau wazee, na ndiye aliyemtia Mama uchafu kwenye mshono. Ujumbe wako wa sauti ulinifikia kupitia watu nisiowajua hata majina, nikasikia sauti ya kaka yangu ikipiga kelele, "Ule mwanamuke ndiye aliua mama yetu, mutu asimupe mugonjwa wake!" Mwenye nyumba wa Benite kule Mutanga Sud naye aliusikia. Alimwambia atafute pengine pa kukaa, kwa sababu hataki vurugu kwenye lango lake. Sasa analala kwa dada yake huko Kibenga, anakuja zamu asubuhi ameinamisha kichwa, na kuna ndugu wa wagonjwa wanaomzuia asiguse watu wao. Hayo yote ameyapata kwa mdomo wako, na wewe Ijumaa iliyofuata ulikaa safu ya mbele msikitini kama mtu aliyetenda jema.

Nilinyamaza muda mrefu. Wewe ndiye mkubwa, umeshika nafasi ya Baba, na mimi nilikuwa na msiba. Kusema kweli, hata mimi nilitamani apatikane wa kulaumiwa. Basi nikafanya lile ninalolijua. Kijidudu kilichomuua Mama nilikiotesha mwenyewe kwenye sahani ya maabara, nikakijaribu kwa dawa zote tulizo nazo, nacho kikawa kinanawiri tu kama mchicha uliomwagiliwa. Ni dawa moja pekee iliyokishinda, na ilipopatikana Mama alikuwa keshachoka. Baada ya mazishi, Bonfils, yule mtoto wa kitanda jirani aliyevunjika paja, naye akapandwa na homa. Kwenye damu yake nikakuta kijidudu cha aina hiyohiyo. Ndipo mkuu wangu wa maabara, Daktari Népomuscène, alipoamua tusome vinasaba vya kila kijidudu sugu tulichokuwa tumekihifadhi kwenye friza.

Acha nikueleze kazi hiyo, usije ukasema ni mazingaombwe ya kompyuta. Kila kijidudu kina maandishi ndani yake, mamilioni ya herufi, na kinapozaa hunakili maandishi hayo. Mara mojamoja hukosea. Unakumbuka madrasa, tulivyokuwa tukichunguliana mbao? Ukikosea wewe, mimi niliyekuchungulia nakosea palepale, na Maalim akizitazama mbao zetu anajua mara moja nani kamwibia nani. Sisi nasi tunafanya hivyohivyo. Mashine yetu inaenea kiganjani, inachomekwa kwenye kompyuta. Umeme ulitukatikia katikati ya kazi, tukaanza upya, na sioni haya kukuambia kwamba nililia mbele ya mkuu wangu. Lakini tulimaliza. Tukalinganisha makosa, tukachora ukoo: nani mzazi, nani mtoto, nani mjukuu.

Nilianza na Benite, kwa ajili yako. Tulipitisha pamba mikononi mwake na mikononi mwa wenzake, tukasoma na vijidudu vya wagonjwa wengine aliowahudumia wakati ule. Wagonjwa wale wana ukoo mwingine kabisa, haujuani na wa Mama hata kwa ujomba. Mikononi mwa Benite hatukukuta kitu. Bonfils peke yake ndiye wa ukoo wetu: kijidudu chake kina makosa yote ya kile cha Mama, na kosa jingine jipya juu yake. Kwa hiyo mtoto yule alikipata kwa Mama.

Alikipata kwa beseni. Unazijua hospitali zetu: muuguzi anachoma sindano na kufunga bandeji, lakini kuogesha, kulisha na kufua ni kazi ya ndugu wa mgonjwa, na kila familia inakuja na beseni lake. Mama alipofariki tuligawa vitu vyake palepale wodini viwe sadaka yake, kama ilivyo desturi yetu. Blanketi lilikwenda kwa bibi wa kitanda cha mlangoni. Beseni la bluu alilipokea Christa, mama yake Bonfils, kwa mikono miwili huku machozi yakimtoka, naye akamwogeshea mwanawe humo. Nimelifuata, nikapitisha pamba kwenye mikwaruzo ya chini, na kijidudu kilikuwamo. Mtoto sasa anaendelea vizuri, dawa ile moja imemkubali, lakini Christa mpaka leo haelewi kwa nini nilimletea beseni jingine na kuondoka na lile.

Ukifika hapa najua unajiambia kwamba haya hayamsafishi Benite, kwa kuwa Mama naye lazima alikipata kwa mtu. Ni kweli, alikipata kwa mtu. Kama umesimama, kaa.

Kwenye friza yetu kulikuwa na kijidudu kingine cha ukoo huo, cha zamani kuliko vyote. Kilihifadhiwa kabla Mama hajaanguka. Makosa yake yote yamo ndani ya kile cha Mama, pamoja na mengine mapya ambayo chenyewe hakina. Hicho ndicho mzazi. Kwenye mchoro kina namba tu, lakini namba ile niliiandika mimi, kwa sababu pamba ile niliipitisha mimi. Niliipitisha kwenye mguu wako wa kushoto, Kaka, siku uliponiomba niangalie kwa siri kwa nini kidonda cha vyuma ulivyowekewa ng'ambo baada ya ajali ya pikipiki hakikauki. Jibu hukuja kulichukua. Nilipokupigia kukuambia ni kijidudu sugu, uende kwa daktari, ulinijibu kwamba kimeshakauka na nisimtie wifi wasiwasi. Mficha maradhi kilio humfichua, walisema wazee. Tulichokipata sisi ni kilio cha Mama.

Na unakumbuka ulivyokuwa ukitawadha pale wodini. Sheikh alikwishakueleza kwamba mwenye bandeji anaruhusiwa kupangusa juu yake, dini imetuhurumia. Lakini wewe na ukaidi wako wa kutaka udhu uliotimia mbele ya macho ya watu, ulifungua bandeji, ukamimina maji ya birika mguuni juu ya beseni la Mama, ukayamwaga, ukalirudisha chini ya kitanda chake. Jioni tukamwogeshea humohumo. Benite alikuona, akakuambia kwa upole mbele ya wodi nzima, "Muzee, pardon, apana oshea kidonda mu beseni ya mugonjwa." Nawe ukamfokea, "Mi natawaza, we utanifundisha dini?" Akaomba akuangalie huo mguu, ukaukataa mkono wake. Nilikuwapo, na nilikuona jinsi ulivyomtazama. Chuki yako ilizaliwa siku ile, wala haikuzaliwa makaburini. Katika hospitali nzima ni mtu mmoja tu aliyejaribu kumkinga Mama, na huyo ndiye unayemfukuzisha kazi.

Nimekuchukia wiki hii nzima, nakuambia wazi. Si kwa sababu ya kidonda. Ugonjwa haumchagui mtu, na najua ulimpenda Mama kuliko ulivyojipenda. Nakuchukia kwa mdomo ule, na kwa mguu uliouficha huku ukinyoosha kidole kwa mwingine. Nyani haoni kundule, na kwa heshima ya ukubwa wako sitaeleza zaidi.

Mchoro utakaowekwa mezani Jumatatu una namba, hauna majina. Siri ya mgonjwa ni siri hata mgonjwa akiwa mkaidi, kwa hiyo sitakutaja. Lakini hapo ndipo Benite atakapoangamia. Wataona mgonjwa asiye na jina, na wale waliokwisha kuamua watasema Benite alimgusa mgonjwa huyo, kisha akamgusa Mama bila kunawa. Mimi siwezi kuwajibu bila kukutaja. Ni wewe peke yako unayeweza kusimama ukasema, huyo ni mimi, na mwanamke huyu hakunigusa kamwe, nilimkatalia.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonikalisha chini niandike. Jana Benite aliitwa maabara aonyeshwe mchoro, maana mshtakiwa ana haki ya kuuona. Sikumwambia neno. Aliutazama, akaweka kidole kwenye namba ya juu kabisa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama mguu wa kaka yangu umepona. Hapo nilivunja siri yako, Kaka, maana nilishindwa kumdanganya. Nilitikisa kichwa kwamba haujapona. Nikangoja aseme kwamba na yeye sasa atakwenda kwenye simu za watu na jina lako, kwa sababu mimi ningekwenda. Akaniambia nikulete akusafishe kidonda kabla hakijakula mfupa. Akasema dawa ile ipo ya kukutosha, ameuliza. Tena akaniomba nikuharakishe uje kesho akiwa zamu, kwa sababu baada ya Jumatatu huenda asiruhusiwe kuingia wodini.

Nitakuwa getini kesho tangu asubuhi. Nibusie watoto, na umwombe wifi anisamehe kwa kumfanya tarishi wa maneno makali. Mwenyezi Mungu amrehemu Mama, na akupe miguu ya kuja.

Ni mimi mdogo wako, tumbo moja,

Adija