Wivu wa Kadi Ukutani

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Nisaidie kabla sijaiharibu ndoa yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Mume wangu Dionisi na mimi ni watafiti wa malaria kwenye kituo kimoja hapa Ifakara, na wivu ninaomwonea si wa mwanamke, heri ungekuwa wa mwanamke ningejua pa kushika, ni wivu wa makala yake kuhusu mbu wanaowauma wakulima wanaolala kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, huko Kivukoni wakilinda mpunga, maana tangu itoke mwaka juzi kila anayeandika habari za mbu wa mpunga anamtaja yeye, na kadi za posta za kuomba nakala ya makala hiyo zinamiminika kutoka Ujerumani, kutoka Brazili, naye anazibandika ukutani juu ya meza ya chakula, siku hizi nakula wali nimeupa ukuta mgongo. Juzi mgeni alifika kituoni akanishika mkono, akasema, “Kumbe wewe ndiye mke wa Dionisi!” Na dunguni tulilala sote wawili, mbu tuliwakamata sote wawili, mwisho wa makala akaandika anamshukuru mke wake kwa uvumilivu. Sasa nami nimeandika makala yangu juu ya vyandarua kwenye madungu hayohayo, na kila palipostahili jina lake nimeruka makusudi, najua ni dhambi kwa kazi yetu, nikampa asome nikitaka aumie, akasahihisha herufi tu, akasema, “Iko safi, mama Noela,” akaenda kuoga. Mwisho wa mwezi inatumwa. Nimtaje au niache?

Brigita, Ifakara

Marahaba, Brigita.

Mtaje. Jibu ulilijua kabla hujanunua stempu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na huyo wako wala si mnyonge. Bila jina lake makala yako itarudishwa na msomaji wa kwanza mwenye akili, na mkulima anayengoja hicho chandarua ataendelea kuumwa kwa sababu ya ugomvi wenu wa mezani. Huoni haya?

Lakini kuna jambo umelipitisha mbiombio, mwanangu. Ulilala dunguni. Ulikamata mbu. Halafu ukashukuriwa kwa uvumilivu, utadhani ulibaki nyumbani ukimpikia! Hapo mwenye kosa ni yeye, na nadhani ndiyo maana amesahihisha herufi tu: anajua nani alianza. Basi usijifiche nyuma ya makala. Jina lake liandike kila panapostahili. Lako lidai leo, kabla hujapakua chakula, na umwambie makala ijayo ya madungu itabeba majina mawili. Akisema mbona alikushukuru kwa uvumilivu, mjibu kwamba huo umekwisha.