Manjano Kwenye Kope

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, mama. Huku Temeke tupo. Mama yako anauza maandazi, magoti yangu bado yananisumbua.

Umesema mwalimu wenu huko Dodoma kawapa kazi ya kuuliza nani katika ukoo alikufa kwa moyo akiwa kijana. Yupo. Kaka yangu Selemani, kuli wa Kariakoo, mwembamba mpaka mbavu unazihesabu.

Aliota vijivimbe vya manjano kwenye kope na nyuma ya visigino. Majirani wakamtania, "Neema hiyo bwana, mafuta yanatafuta pa kutokea!" Mama yetu hakucheka. Alimkataza wali wa nazi, akawa anampikia mchicha wa kuchemsha. Selemani akala bila kununa. Vijivimbe vikazidi, na asubuhi moja akaanguka na gunia la vitunguu mgongoni. Mama alikufa akiamini mwanawe alikuwa anakula chipsi kwa siri.

Sasa unaniandikia kwamba seli hujipima mafuta, zikitosheka zinaacha kuyatengeneza. Ila wako watu ambao seli zao zimekosa mlango wa kuyapokea yaliyomo kwenye damu, basi zinadhani kuna njaa, zinatengeneza mengine. Kumbe mwili wa Selemani ulikuwa unalia njaa katikati ya shibe. Mchicha ungefanya nini?

Nilitaka niishie hapo. Lakini jana nimeikuza picha yako kwenye simu ya mama yako, nikaziona kope zako.

Zuhura, ile haikuwa kazi ya darasani, au sivyo?

Bibi yako