Fundi Aliyeacha Kufumua

Dukani kwangu,
Mtaa wa Nyuma ya Soko.
Jumatatu asubuhi.

Mpendwa mpwa wangu,

Barua hii inatoka kwa mtu ambaye akifunga duka lake siku tatu, nusu ya mji huu hubaki uchi. Hayo si maneno yangu, aliyasema hakimu mwenyewe nilipomshonea joho, akaongeza kwamba bila mimi mahakama isingekaa. Kwa hiyo ukiona mwandiko unakimbia, jua kuna watu wanangoja kuvikwa.

Hujambo lakini? Wagonjwa wako huko wodini wanaendeleaje, na mgongo wako bado unakuuma? Mimi ni mzima kama chuma. Goti linasumbua kidogo, lakini hilo ni goti, si mimi. Mama yako naye hajambo, ila siku hizi akinisalimu anaangalia pembeni.

Barua yako niliipata. Nilimsomea muuza vifungo, tukacheka mpaka akamwaga sinia lake lote barabarani. Yaani mimi ndiye wa kuelezwa dalili za mtu anayeanza kumalizwa na kazi! Mara usingizi usioondoa uchovu, mara hasira za ghafla, mara kusahausahau. Mwanangu, niliacha shule darasa la nne kwa sababu mwalimu alikuwa ananiogopa, lakini mtu wa namna hiyo namjua angali ng'ambo ya barabara. Ninyi wenye vyeti mnamngoja mpaka aanguke, ndipo mnampima joto.

Sasa nikufundishe. Kaka yako, tangu nimchukue kushona hapa dukani, tulimwita Mluzi kwa kuwa hakuweza kupiga mshono bila kupiga mluzi. Msimu wa sare za shule ulipoanza, akanyamaza. Mwingine angesema kijana amekua. Mimi niliona. Nikaanza kumwita Marehemu mbele ya wateja, nao wakacheka sana. Yeye akaitika. Nikisema Marehemu lete mkasi, analeta mkasi, hata uso hakunji. Mtu asiyekasirishwa na la kukasirisha, huyo ameshaanza safari.

Halafu ikaja ya futi ya kupimia. Anaitafuta duka zima, anainua vitambaa, anachungulia chini ya meza, na futi yenyewe ameivaa shingoni. Nilimwacha atafute. Nilimwita na fundi viatu wa jirani aje aone.

Yule bibi anayeleta magauni yake kupunguzwa, aliyekuwa akimtania kaka yako kwa kumwita "mume wangu", alimuuliza tu gauni litakuwa tayari lini. Kaka yako alimfokea mpaka bibi wa watu akaangusha mkoba. Wala hakumwomba radhi. Alirudi kwenye cherehani, akaweka mikono juu yake na kukaa hivyo bila kukanyaga, kama mtu anayengoja gari kwenye kituo kilichofungwa. Siku ya mapumziko alilala kutwa nzima, na kesho yake akaja amechoka kuliko alivyoondoka.

Lakini dalili kubwa haimo katika barua yako, hiyo ni elimu ya dukani. Fundi aliyechoka mwili akipindisha mshono hutukana, hufumua, hurudia. Aliyechoka moyo huuona umepinda, akaupitisha. Siku niliyomwona kaka yako akiitazama kola iliyokwenda upande, kisha akaipiga pasi na kuikunja, nilijua huyu keshaacha kufumua. Amekwisha.

Unaniuliza kama niliona, kwa nini sikumpumzisha. Niliona, ndiyo maana nikamwongezea kazi. Mtu wa namna hiyo hakatai. Neno hapana humwishia kabla ya nguvu kumwishia. Mafundi wenzake wote walikataa zile suruali za shule, yeye akazipokea kama mgeni anayepokea mkeka wa kulalia. Bora punda afe, mzigo ufike.

Na usidhani naagiza nisichokiweza. Ujana wangu niliwahi kushona wiki nzima bila kulala, sindano ikapata moto hadi nikawashia sigara. Niliposhtuka nilikuwa nimejishona kwenye pazia la mteja, ikabidi anitundike dirishani mpaka mchana.

Suruali zilitoka kwa wakati. Mwalimu mkuu akazichukua huku akinisifu, kesho yake akazirudisha zote na kuzibwaga mezani. Watoto walikuwa wanasukuma mikono, haiingii. Kaka yako alikuwa ameziba midomo ya mifuko yote, kwa mshono mdogo mzuri, sijaona mzuri kama ule. Nilimuuliza mbele ya mwalimu kama amelogwa au amelewa. Akapitisha kidole juu ya ule mshono.

"Siumwi, mjomba," akasema. "Ila nikiiona cherehani natamani kutapika."

Nikamwambia atapike nje, kisha arudi afumue. Alitoka. Hakurudi.

Tangu hapo amelala kwa mama yako, uso ukutani. Nimekwenda kumwona mara nyingi, nikamtania, nikamwambia kitanda kile nacho kitamwachisha kazi. Siku moja nilipotoka chumbani dada yangu alinizuia mlangoni. Hakupaza sauti.

"Mwanangu nilikuazima, kaka. Chombo cha kuazima hurudishwa kizima."

Nilimjibu kwamba ningejua ni cha udongo nisingekiazima. Ndipo alipoanza hiyo salamu ya kuangalia pembeni.

Sasa unaomba nimwachie aje kwako apumzike. Begi lake liko tayari chini ya kitanda, lakini amesema hatoki mpaka mjomba aliyemfundisha kazi aseme sawa. Nami wiki zote hizi nimekaa na hilo neno mdomoni kama pini. Nilitaka kwanza aje dukani hata nusu siku. Mama yako amekataa, na safari hii alinitazama usoni.

Basi mchukue. Jana jioni nilikwenda nikasema sawa, nikiwa nimesimama mlangoni. Aligeuka kutoka ukutani, akasema asante, mjomba. Hata tusi hakuniachia. Akifika kwako usimwoneshe cherehani hata ya kwenye picha, na akikaa kimya usimharakishe.

Nisalimie mumeo, mwambie lile koti nililomshonea akinenepa asinilaumu. Wabusu watoto. Muuza vifungo anakusalimu. Mungu akupe mikono isiyochoka, na ikichoka, akupe bosi asiye mimi.

Mjomba wako, akupendaye hata unapomnyang'anya watu.

Nyongeza. Hii usimsomee mama yako. Ile nusu siku niliitaka ili kaka yako anioneshe kukata. Miaka yote hii mkasi alikuwa nao yeye, mimi nilikuwa napima na kusifiwa, na nguo nilizoziita zangu, hata hilo koti la mumeo, alizikata yeye. Leo mwalimu mkuu amekuja kudai suruali zake, nikazima redio na kuchuchumaa nyuma ya meza. Akagonga, akaita, "Fundi, upo?" Nami, mpwa wangu, kwa sauti yangu hii hii anayoijua, nikamjibu, "Hayupo."