Turubai la Nkunga

Jumamosi

Leo nimeufurahia msiba wa mtu, na hilo linanikera mpaka sasa.

Tulikuwa kwenye mbio za kata, tunapanda kwenda Nkunga. Wenzangu wanaimba, mimi wa mwisho, kifua kinawaka. Tukaliona turubai la msiba kando ya njia. Nyimbo zikakatika na wote tukaanza kutembea, maana msibani hupiti unakimbia. Moyoni nikasema: afadhali, nitapumua.

Nikasimama penye turubai, na mama mfiwa akanishika mkono. "Ndaga, asante mwanangu, kwa kusimama. Ni kitindamimba wangu. Presha imemchukua."

Na mimi ni presha hiyohiyo iliyonifanya ninunue raba nianze kukimbia.

Mbele wenzangu walianza tena kukimbia, wakaniita. Nikakaa mkekani karibu naye. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nimekuja kuzika na namba ya mbio kifuani.