Mahindi ya Askari Kisiwani

Shikamoo Mama. Huko Ganako najua mnavaa masweta. Huku kisiwani ni mchanga na upepo mkavu, na ndege za jeshi zinaruka kutwa.

Jana nikipima ardhi kwa ajili ya ramani nilivuka mpaka wa uwanja wao wa ndege bila kujua. Askari mwenye bunduki akanisimamisha, nikajua vifaa vyangu vya kupimia atavichukua. Akasoma kibali changu cha kazi, akauliza kwetu tunafanya kazi gani.

"Tunalima," nikajibu.

Basi akanipeleka nyuma ya kibanda chake, kwenye miche minne ya mahindi ndani ya ndoo, imenyauka. "Nifanyeje, dada?"

Tukaikinga upepo kwa gunia, nikamwambia aimwagilie jioni, kama ulivyotufundisha. Leo amenibebea kipimo mwenyewe, tumemaliza kupima upande ule wote wa uwanja.

Nimefurahi, Mama. Mungu awatunze wewe na Baba.

Mwanao,
Paskalina