Kipande Kisichoacha Majivu

Aït Melloul, Jumanne

Kaka yangu Lahsen,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na wifi yangu Rqia na watoto, na mgongo uwe umekupa nafuu baada ya mavuno. Mimi sijambo, ila usingizi umenikimbia, na sababu utaiona huko mbele. Mwambie wifi kuskusi yake ya Ijumaa ile bado naisimulia kazini.

Nianze na shukrani. Mwaka jana nilipozunguka Biougra nzima nikitafuta mkulima wa kuijaribu plastiki yetu mpya juu ya kitalu nyumba chake, wote walinicheka, na wewe uliwashinda wote kwa kucheka. Ulisema nimechukua ghassoul, udongo ule mama aliotuoshea nywele hamamuni, nikautia kwenye plastiki, na sasa nyanya zako zitaota nywele laini. Kisha ukasema haya, lete. Bwana Sekkat, tajiri yangu, alikuwa ameshaniambia kwamba bila kitalu cha majaribio nifungashe virago. Uliweka riziki ya wanao chini ya plastiki yangu, ukiwa unacheka.

Nilikueleza wakati ule, nawe ukajifanya unasinzia: udongo huo ukisagwa mpaka punje zisionekane hata kwa darubini ya shule, kidogo tu huikaza plastiki na kuzuia joto la kitalu lisitoroke usiku. Ukizidi, au punje zikishikana mabonge, plastiki hukakamaa, na kila bonge ni mahali pa kuanzia kuchanika. Niliamini nimekipata kipimo.

Msimu mzima ulinipigia simu kusema iko imara. Shergui, ule upepo mkali wa jangwani, ilivuma, ukasema plastiki haikutikisika hata kidogo, labda mimi ndiye nitapeperuka. Bwana Sekkat akaanza kuniita binti yangu, akaamuru mashine zianze kutoa plastiki ya kuuza.

Ijumaa ile nilipokuja kuchukua kipande cha kupima, ulining'ang'aniza nikae nile, ukapanda juu ya kitalu mwenyewe kunikatia, na mgongo wako huo. Nikadhani ni upendo. Ulikuwa upendo kweli. Jana nilikiweka kipande chako kwenye mashine, kikavutika kama plastiki yoyote ya sokoni. Nikailaumu mashine. Nikakichoma. Plastiki yetu ikiungua huacha majivu, ndio ule udongo. Chako hakikuacha kitu.

Nikampigia wifi. Usimgombeze, alikusitiri mpaka machozi yakamtoka. Ameniambia shergui ya kwanza tu iliichana yangu pale inapokunjwa na kusuguana na nyaya, ukauza ndama, ukanunua nyingine, ukaiapisha nyumba nzima wasiniambie nisije nikafukuzwa.

Kaka, nimelia, na nimekasirika, sijui kipi kilitangulia. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia hivyo. Lakini wakulima wengine wangeinunua hiyo plastiki na ingewachanikia vilevile, na wao hawana ndama wa kuuza. Kwa hiyo leo asubuhi nimemwambia Bwana Sekkat kila kitu. Amefoka mpaka chai yake ya nanaa ikapoa, amesimamisha mashine, kisha akauliza iko wapi ile iliyochanika. Maana sisi tulikuwa tunaivuta tu maabara. Hakuna aliyewahi kuikunja na kuisugua kwenye waya. Michaniko yako ndiyo itakayotuonyesha udongo ulishikana wapi na upunguzwe kiasi gani. Amesema nikimletea, tunaanza upya pamoja. Nisipomletea, virago viko palepale.

Nakujua, hujawahi kutupa kitu. Wifi anasema umeitumia kufunikia nyasi za mbuzi. Basi ukija mjini Alhamisi usiniletee nyanya wala amlou ya lozi na asali. Niletee plastiki yangu iliyochanika, yote, hata yenye mavi ya mbuzi.

Nibusie watoto, na mgongo usiubebeshe tena mambo yangu.

Ni mimi dada yako, ninayekushukuru hata kwa uongo wako,

Ijja